Karoti Yako Si Karoti Yangu

Mwaka wa 1985 huko Finland, watafiti walianza kuandikisha wanaume wanaovuta sigara. Walipofunga daftari walikuwa nao 29,133, wote wa umri wa miaka 50 hadi 69. Nusu yao wakawa wanameza miligramu 20 za beta-karotini kila siku, ile rangi inayoifanya karoti iwe karoti. Nusu nyingine wakawa wanameza vidonge vya kufanana lakini bila beta-karotini. Wazo lilikuwa safi: watu wanaokula mboga na matunda ya rangi hupata saratani ya mapafu kidogo kuliko wengine, kwa hivyo tuwape wavutaji hiyo rangi yenyewe tuone. Matokeo yakachapishwa 1994. Waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Zaidi. Si pungufu.

Naileta hii stori kwa sababu kuna kampuni imenitafuta inboksi. Wanataka niwauzie nyinyi vidonge vya kung'arisha ngozi, na kwenye kopo beta-karotini imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kidonge chenyewe. Nikauliza kama kuna mtu hapaswi kumeza. Nikajibiwa, "Hii ni kitu ya mimea buda, mimea haina madhara." Doo waliyotaja si mbaya. Lakini hilo jibu limenifanya nisome wiki mbili mfululizo. Sina digrii, chuo niliacha, lakini mambo haya yako wazi kwenye majarida na yeyote anaweza kuyafuatilia. Nilichokuta ni karibu miaka 200 ya watu werevu sana wakihesabu miili yote kama mwili mmoja.

Twende nyuma basi.

Mwaka wa 1831 Mjerumani anayeitwa Heinrich Wackenroder alikamua karoti akatoa chembe nyekundu zinazong'aa, akazipa jina kutokana na karoti. Kwa muda mrefu baada ya hapo karotini ilikuwa rangi tu, kitu cha wanakemia kuchezea. Hakuna aliyeihusisha na afya ya mtu.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya panya. Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, 1913: Elmer McCollum na Marguerite Davis waliona kwamba panya wakilishwa mafuta ya aina fulani wanadumaa, lakini wakipewa siagi au mafuta ya kiini cha yai wanaanza kukua tena. Kulikuwa na kitu ndani ya hayo mafuta, na ndicho baadaye kikaitwa vitamini A. (Davis ndiye aliyekuwa anawatunza hao panya, na miaka ya mwanzo alifanya kazi bila mshahara. Wote mliowahi kufanya atachimenti hapa Nairobi mnamwelewa.)

Sasa kukawa na fumbo. Panya waliopewa karoti na majani mabichi nao walipona, kama waliopewa siagi. Lakini mafuta ya ini la samaki, ambayo yalikuwa na nguvu kushinda vyote, hayakuwa na hiyo rangi ya karoti. Je, kitu ni kimoja ama ni viwili? Fumbo hilo lilikaa mpaka 1930, Thomas Moore wa Cambridge alipowalisha panya karotini kisha akapima maini yao. Ndani ya maini akakuta vitamini A. Panya hawakuila, waliitengeneza.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinatoka hapo. Karoti haina vitamini A. Sukuma wiki haina, managu haina, embe halina. Hakuna mmea wenye vitamini A. Mmea una malighafi, na kiwanda ni wewe. Kwenye ukuta wa utumbo wako kuna kimeng'enya kinachoikata beta-karotini katikati, na kila nusu ndiyo inakuwa vitamini A. Kimeng'enya hicho kilithibitishwa 1965. Kwa hesabu ya darasani, beta-karotini moja inatoa vitamini A mbili. Darasani tu. Maana kiwanda changu si kiwanda chako, na kuna siku hata malighafi yenyewe haifiki kwenye geti.

Dalili zilikuwepo mapema kabisa. Mwaka wa 1919 madaktari wawili wa New York, Alfred Hess na Victor Myers, walieleza kuhusu watoto waliogeuka manjano kwa kulishwa karoti. Ngozi manjano, lakini macho yamebaki meupe, na hapo ndipo unapojua si ugonjwa wa ini. Karotini ilikuwa imeingia kwenye damu ikakosa kukatwa yote, ikaenda kujihifadhi kwenye ngozi. Mpaka leo utakuta mtu anakunywa juisi ya karoti mwezi mzima na viganja viko vilevile, na mwingine kwa kiasi hicho hicho viganja vinafanana na vya mtu aliyemenya manjano. Watu wanaona ni kichekesho. Kumbe ni kipimo cha kiwanda, kinaonekana kwa macho.

Halafu vita vikaja na karoti ikapata umaarufu ambao haikuufanyia kazi. Uingereza, 1940, rubani John Cunningham alianza kuangusha ndege za Wajerumani usiku wa giza. Ukweli ni kwamba ndege yake ilikuwa na rada, na rada ilikuwa siri. Kwa hivyo umma ukaambiwa kwamba jamaa anakula karoti nyingi. Wakampa jina la Macho ya Paka. Serikali ilikuwa inataka watu wale karoti hata hivyo, kwa sababu zilikuwepo tele na vyakula vingine vilikuwa vya mgao. Ukikosa vitamini A utapata upofu wa usiku, na ukiipata tena utaona, hiyo ni kweli. Lakini mwenye vitamini A ya kutosha hawezi kuongezewa macho na karoti. Mwalimu wako wa darasa la nne alikuwa anarudia propaganda ya vita bila kujua.

Nimecheka hapo, lakini sehemu inayofuata haichekeshi.

Mwaka wa 1967 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikaa wakapanga namba: mikrogramu 6 za beta-karotini kwenye chakula ni sawa na mikrogramu 1 ya vitamini A. Sita kwa moja. Walijua kuna upotevu njiani, ndiyo maana haikuwa moja kwa mbili ya darasani. Lakini bado ilikuwa namba moja kwa dunia nzima. Anayekula karoti iliyopondwa na siagi Amsterdam na anayekula majani yaliyochemshwa kwa maji kwenye kijiji cha Asia, wote sita kwa moja. Juu ya hiyo namba zikajengwa sera. Mama wa nchi maskini asiyeweza kununua maini, mayai na maziwa aliambiwa asijali: panda majani ya kijani, kula majani ya kijani, hesabu inatosha.

Kisha 1995 ikatoka ripoti kutoka Java Magharibi, Indonesia, kwenye jarida la Lancet. Saskia de Pee na wenzake walichukua wanawake wanaonyonyesha, wenye upungufu wa damu, wakawagawanya. Kundi moja lilikula majani ya kijani yaliyokaangwa kila siku kwa wiki 12. Kundi lingine lilikula biskuti nyepesi iliyotiwa kiasi kinachokaribiana cha beta-karotini. La tatu lilikula biskuti isiyotiwa kitu. Wa biskuti yenye beta-karotini, vitamini A yao ilipanda. Wa majani, hakuna kilichosonga.

Wiki 12 za mboga kila siku, hakuna.

Wazia wewe ndiye afisa wa lishe uliyewaambia akina mama hao kwa miaka kwamba majani yanatosha. Na wazia mama mwenyewe, aliyefuata ushauri neno kwa neno, halafu mtoto wake akikosa afya anaulizwa, "Kwani hukumpa mboga?" Mimi hapo ndipo nilipokasirika. Wenye kalamu walikosea hesabu, na aliyelaumiwa ni mwenye sufuria.

Watu walibishana sana kuhusu ripoti hiyo, na kubishana kwao kukaleta maarifa. Mwaka wa 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilibadilisha namba ikawa 12 kwa 1, mara mbili ya ile ya zamani. Na utafiti kutoka Indonesia hiyo hiyo ulionyesha kwamba kwa majani hali inaweza kuwa mbaya kupita hapo. Ila cha maana zaidi ni kwamba swali lenyewe liligeuka. Badala ya kuuliza karoti ina nini, wakaanza kuuliza nani anaila, na nini, na tumboni mwake kuna nini.

Tuanze na jani. Kwenye jani la kijani beta-karotini imefungiwa ndani ya zile chembe ndogo zinazofanya kazi ya jua, imeshikwa na protini, na nje kuna kuta za seli. Kwenye karoti iko kama vipande vidogo vya kioo. Kwenye papai imelainika zaidi na inaachia kirahisi. Kwa hivyo "mboga na matunda yenye beta-karotini" ni sentensi inayojumuisha vitu ambavyo utumbo unaviona tofauti kabisa. Kupika kunasaidia kuvunja kuta, na kukatakata pia. Ile sukuma inayokatwa nyembamba kama nywele na mama mboga si urembo tu.

Halafu mafuta. Beta-karotini haiyeyuki kwa maji. Bila mafuta inapita tumboni kama abiria aliyesahau kushuka. Kuna utafiti wa 2014 ulioonyesha kwamba kula karoti mbichi pamoja na avokado kunaongeza mara kadhaa kiasi kinachoingia mwilini. Ulilipiwa na wauzaji wa avokado, hilo lazima niseme, lakini kanuni yenyewe ya mafuta ilijulikana kitambo na haipingwi. Kwa hivyo ukikaa kwa kibanda ukaweka avokado juu ya githeri yenye karoti, umefanya kemia nzuri bila kujua. Na anayechemsha mboga kwa maji matupu ili apungue uzito anakula sahani ileile, lakini anapata kitu kingine.

Halafu minyoo. Huko Sumatra, kazi iliyochapishwa 1998 iliwapa watoto chakula chenye beta-karotini, wengine wakaongezewa mafuta, wengine wakapewa dawa ya minyoo. Dawa ya minyoo peke yake ilibadilisha matokeo. Watoto wawili, kijiji kimoja, sahani moja, na tofauti ni nani ana wapangaji tumboni. Ndiyo maana nikiona mtu mtandaoni anaorodhesha vyakula bora kumi bila kutaja minyoo hata mara moja, najua anaongea na watu wa mitaa fulani tu.

Na mwisho kabisa, jeni. Mwaka wa 2009 kikundi cha watafiti cha Newcastle, Uingereza, kiliwapima wanawake na kukuta kwamba walio na mabadiliko mawili madogo kwenye jeni ya kile kimeng'enya cha kukata walikuwa wakitengeneza vitamini A pungufu kwa asilimia 69. Sitini na tisa! Hao si wagonjwa. Ni watu wazima, wenye afya, wanaotembea barabarani, ambao karoti inawapa theluthi ya inachompa jirani. Wakiwa wanakula mayai na maziwa hawatajua maisha yao yote. Lakini mtu mwenye jeni hiyo akiamua leo kuacha kila kitu cha mnyama, kwa sababu ameona video ya mtu mwenye ngozi nzuri, habari inaweza kuwa nyingine.

Kuna jingine ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Mwili unajipima wenyewe. Ghala la vitamini A likijaa, utumbo unapunguza kukata. Likiwa tupu, unakata kwa bidii. Kwa hivyo mwenye kidogo anapata zaidi kutoka kwa karoti ile ile, na aliyeshiba anapata kidogo. Hapa kwetu tangu 2012 sheria inataka mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A, angalia maandishi kwenye chupa. Ukiwa unakula chapo kila asubuhi, ghala lako huenda halina shida, na ile juisi ya karoti ya shilingi 200 inakupa zaidi utamu na rangi ya viganja.

Sasa, nisieleweke vibaya, ati chakula cha mimea ni bure. Angalia viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Nyama ya kiazi inaachia beta-karotini vizuri kuliko jani, mtoto anakipenda bila kubembelezwa, na kinakuzwa na watu wasio na ng'ombe. Afrika Kusini watoto wa shule ya msingi walipewa gramu 125 za kiazi hicho kilichopondwa kila siku ya shule kwa siku 53, na akiba yao ya vitamini A ikaimarika. Msumbiji wakakipeleka vijijini na watoto wadogo wakaonyesha mabadiliko kwenye damu. Mwaka wa 2016 watu wanne walipata Tuzo ya Chakula ya Dunia, watatu kati yao kwa kazi ya kiazi hicho, na mmoja wa hao watatu ni Mganda, Robert Mwanga. Moja ya aina zilizotolewa rasmi kwa wakulima wa Uganda, 2004, inaitwa Kakamega. Ndiyo, Kakamega yetu. Tofauti na enzi ya sita kwa moja ni kwamba hawa walianza kwa kumpima mtoto, ndipo wakasema.

Turudi Finland sasa.

Wazo la vidonge lilipata nguvu 1981, Richard Peto na wenzake walipoandika kwenye jarida la Nature wakiuliza kama beta-karotini ya kwenye chakula inaweza kupunguza saratani. Mmoja wao alikuwa Richard Doll, yule yule aliyesaidia kuonyesha dunia kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu. Si matapeli. Na waliandika kwa tahadhari, wakataka ipimwe. Ikapimwa. Finland ndio hiyo. Marekani wakafanya yao na watu 18,314: wavutaji, walioacha kuvuta, na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbestosi. Miligramu 30 za beta-karotini kila siku, pamoja na vitamini A. Januari 1996 wakasimamisha kabla ya wakati, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Mwaka huo huo yakatoka matokeo ya madaktari wanaume 22,071 wa Marekani, wengi wao wasiovuta, ambao nusu yao walimeza beta-karotini kwa takriban miaka 12. Haikuwadhuru. Haikuwasaidia pia.

Kitu kilekile. Kwa daktari asiyevuta ni kama hakuna. Kwa mvutaji ni mafuta kwenye moto.

Kwa nini? Jibu lilianza kuonekana 1999 huko Boston, kwa kutumia fereti, mnyama mdogo wa ukoo mmoja na nyegere, ambaye anaishughulikia beta-karotini karibu kama binadamu. Waliwapa kiasi kikubwa na kuwavutisha moshi wa sigara. Ndani ya pafu lenye moshi, beta-karotini nyingi inavunjika vibaya, na mabaki yake yanavuruga zile amri za vitamini A zinazoiambia seli itulie isiongezeke ovyo. Kiasi kidogo, cha kawaida cha chakula, hakikuleta balaa hilo.

Na hii ndiyo sehemu ambayo kampuni za vidonge hazitakuambia. Kwenye utafiti ule ule wa Finland, kabla vidonge havijaanza kugawanywa, wale wavutaji waliokuwa na beta-karotini nyingi zaidi kwenye damu, kutoka kwa chakula chao cha kawaida, ndio waliopata saratani kidogo zaidi. Maze, wanaume walewale. Labda mboga ina vitu vingine mia vinavyofanya kazi pamoja. Labda anayekula mboga anaishi tofauti kwa jumla. Kwa vyovyote, kilichowaumiza hakikutoka sokoni, kilitoka kwenye kopo.

Jopo la serikali ya Marekani linalotoa ushauri wa kinga ya magonjwa linashauri watu wasimeze vidonge vya beta-karotini kwa ajili ya kuzuia saratani au ugonjwa wa moyo. Hilo ni kwa watu wote wazima. Mvutaji ana sababu ya ziada.

Najua nani ananisoma. Wengi wenu mnavuta, hata kama mathe hajui. Hivyo kabla hujanunua kopo la ngozi ama la nywele ama la kinga ya mwili, ligeuze nyuma usome. Beta-karotini huandikwa hapo, wakati mwingine kama "vitamini A kutoka kwa karoti", na miligramu 20 ndizo walizopewa wale wa Finland. Kama unavuta, lirudishe kwenye rafu. Karoti endelea kula, iweke kwa sufuria yenye mafuta kidogo. Na kama kuna mtoto wa kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitano kwenu, ya kwake iko kliniki, matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na hayalipishwi kwenye kituo cha serikali.